Pesa iliyoandikwa si pesa iliyofika

Nauza maharagwe hapa Busia, upande wa Uganda. Miaka mingi iliyopita mteja ambaye sikuwahi kumwona aliagiza magunia 30 kwa simu. Tulikubaliana shilingi 10,500,000. Hakuomba nimpunguzie hata kidogo, na hilo peke yake lilitosha kunishtua, maana sokoni kwetu sijapata mnunuzi wa namna hiyo.

Aliweka hundi kwenye akaunti yangu, akanitumia picha ya risiti. Ilikuwa ya 13,500,000. Kisha akapiga akiomba radhi: mhasibu wake amekosea, basi zile milioni 3 za ziada nimtumie dereva wa lori kwa simu, yuko njiani hana mafuta. Nilitazama salio, nikaona pesa zimeingia. Nilikuwa na noti za mauzo dukani, nikazibeba kwa wakala wa pesa za simu.

Wakala hakuwa na floti ya kutosha, yaani salio lake la simu la kutumia wateja. Ndipo nikaenda benki, na karani akanieleza kwa upole: "Mama, hii pesa tumeiandika tu. Benki ya huyo aliyekuandikia bado haijatulipa." Siku ya pili hundi ilirudi. Ilikuwa ya kughushi. Ningetuma, benki ingefuta 13,500,000 zote kwenye akaunti yangu, na milioni 3 zangu za kweli zingekuwa zimeshatolewa na mtu nisiyemjua, lori nalo limebeba magunia.

Tangu siku ile najiuliza jambo moja: pesa halisi inatoka kwa nani? Yeye aliniletea karatasi, mimi nilikuwa natoa noti. Hundi yoyote inayozidi bei, rudisha yote, wala usitume chenji. Na usipakie mzigo mpaka benki ikuambie hundi imelipwa. Kuona salio hakutoshi.

Simu za "umeshinda" zina umbo lilelile. Shangazi yangu wa Tororo aliambiwa namba yake imeshinda milioni 5 za bahati nasibu. Hakuwahi kununua tiketi. Alimwamini mpigaji kwa kuwa alimtaja kwa majina yake yote, lakini ukijaribu kutuma pesa kwa namba yoyote, jina la mwenyewe hutokea kwenye simu, kwa hiyo kulijua jina si ushahidi wa lolote. Akatuma 80,000 za "kodi", kisha 150,000 za "kufungua faili". Kodi ya ushindi, ikiwapo, hukatwa kwenye ushindi wenyewe. Mshindi haitumi kwa namba ya mtu binafsi. Na walimkataza asimwambie mtu, hata mumewe. Ukisikia "usimwambie mtu", kata simu hapohapo ukamwambie mtu.

Ujumbe wa "umepokea pesa" nao usiuamini kabla ya kufungua *165# ya MTN au *185# ya Airtel ukaona salio lako mwenyewe. Namba ya siri usimtajie yeyote, hata ajiite mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Kama umeshatuma, pigia kampuni ya simu saa ileile, kabla hazijatolewa, kisha uende polisi. Usifute ujumbe wowote. Shangazi alikaa siku nne bila kusema, na tulipofuatilia, akaunti ya yule tapeli ilikuwa tupu. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia siku ya kwanza. Akaniambia aliogopa nitamcheka.