Kimbunga Kikishapita, Mzee Asiyetoka Nyumbani Anabaki na Nani?

Leo tunajibu maswali ya wasomaji kuhusu wazee wasioweza kutoka nyumbani, ambao kimbunga huwakuta kitandani na kuwaacha hapo hapo.

Ninamhudumia bibi wa miaka 84 hapa Houston, anayetumia mashine ya oksijeni. Baada ya kimbunga Beryl majirani walirudia hali yao upesi, lakini yeye hadi leo hajawa kama zamani. Je, ni uzee tu? (Mhudumu, Texas)

Hapana, dada yangu, uzee peke yake hautoshi kuwa jibu. Beryl kilitua pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, na wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme, baadhi yao kwa zaidi ya wiki nzima, katika joto kali la kiangazi. Mwenye gari na akiba ya fedha alihamia hotelini au kwa ndugu mwenye umeme. Bibi wa oksijeni alibaki na mtungi wa akiba, akitazama mshale wake ukishuka saa baada ya saa, huku akiogopa hata kuinuka kwenda chooni asije akaishiwa pumzi. Mzee akilala hivyo kwa siku kadhaa, misuli hulegea, na nguvu iliyopotea hairudi siku taa zinapowaka.

Kuna jambo jingine, nalo linakuhusu wewe mwenyewe. Wahudumu wengi wa nyumbani hulipwa kwa saa, na wengi ni wahamiaji, wakiwemo ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki. Paa la mhudumu likivuja, watoto wake wakiwa hawana shule ya kwenda na vituo vya mafuta vimefungwa, atafikaje kwa mgonjwa? Tunapouliza kwa nini bibi hakuogeshwa wala kugeuzwa kitandani kwa siku tatu, tuulize pia mhudumu wake anaishi wapi na analipwa kiasi gani, kwa kuwa hali ya mmoja ndiyo hali ya mwenzake.

Nimesoma kwamba kimbunga Maria kiliua watu 64 huko Puerto Rico, na mahali pengine nikasoma 2,975. Ipi ni sahihi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hesabu hizo mbili zinapima mambo tofauti. Maria kilipiga Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, tarehe 20 Septemba 2017, na 64, yaani vifo vilivyoandikishwa kuwa vimetokana na kimbunga, ndiyo idadi iliyotangazwa rasmi kwa miezi mingi. Agosti 2018 serikali ya kisiwa ilikubali makadirio ya 2,975 yaliyofanywa na Chuo Kikuu cha George Washington, kwa kulinganisha vifo vya Septemba 2017 hadi Februari 2018 na vile ambavyo vingetarajiwa bila kimbunga. Hatari ilidumu muda mrefu zaidi katika manispaa maskini na kwa wanaume wenye umri wa miaka 65 na kuendelea.

Kuna maeneo yaliyokaa takribani miezi 11 bila umeme. Insulini ilikosa ubaridi, barabara za milimani zilikatika, na wanaohitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki walihangaika kufikia kituo. Tayari kabla ya kimbunga vijana wengi walikuwa wamehamia Marekani bara kutafuta kazi, kwa hiyo wazee wengi hawakuwa na mtoto wa kuwapigia hodi. Kwa maoni yangu, hesabu inayokoma upepo unapotulia inawasahau wazee hawa kabisa.

Marekani ni nchi tajiri. Inakuwaje mzee mwenye nyumba yake anyimwe msaada wa kuijenga upya? (Msomaji, Mombasa)

Wewe wa Mombasa unawajua watu waliozaliwa na kuzeekea kwenye ardhi wasiyo na hati nayo. Puerto Rico nako nyumba nyingi zilirithiwa bila mirathi kuandikishwa, na maelfu ya maombi yalikataliwa na FEMA, idara ya shirikisho inayoshughulikia maafa, kwa kukosa uthibitisho wa umiliki. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2021. Hata mwenye hati hupata taabu: fomu hujazwa kwa simu au intaneti wakati mtandao umekatika, na mkaguzi akibisha mlango wa mzee asiyesikia vizuri, anaweza kuondoka akidhani hakuna mtu.

Je, sheria haziwalindi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kiasi fulani tu. Baada ya kimbunga Irma, Septemba 2017, wazee 12 walikufa kutokana na joto katika makao ya wazee mjini Hollywood, Florida, yaliyokosa umeme wa viyoyozi, na mwaka 2018 jimbo hilo likayalazimisha makao ya aina hiyo kuwa na umeme wa dharura. Mzee anayeishi kwake hayumo katika sheria hiyo. New York nako, kimbunga Sandy cha 2012 kilisimamisha lifti, na wenye viti vya magurudumu wakakwama ghorofani. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba mipango ya dharura ya jiji ilikuwa imewabagua walemavu.

Kwa hiyo kabla ya msimu wa vimbunga vya Atlantiki, unaoanza tarehe 1 Juni, ulizeni nani atapanda ngazi hizo siku ya tatu, na jina lake na namba yake viandikwe kwa herufi kubwa kando ya kitanda.