Mawe ya chokaa uani: yanafaa, ila siki iweke mbali

Ndugu, umeuliza kama mawe ya chokaa yanafaa kwa sakafu ya uani na ukuta mfupi wa bustani, na kama madoa yake yanatolewa kwa siki. Yanafaa sana. Siki usiiguse.

Jiwe hili kwa sehemu kubwa ni kalisi kabonati, na asidi hulila, hata ile ya ndimu. Utaona vipovu vidogo vikitokota, na ukifuta, mng'ao umeondoka. Maji, brashi laini na sabuni isiyo na asidi vinatosha.

Kabla ya kununua, dondoshea jiwe kavu tone la maji. Likinywewa papo hapo na pale pakawa peusi, jiwe hilo lina vinyweleo vingi na sakafuni litashika madoa ya mafuta; lipeleke ukutani. Sakafu ipe lile ambalo tone linakaa juu yake.

Kwenye ukuta, angalia mistari ya matabaka na uilaze kama ilivyolala ardhini. Ukiisimamisha, uso wa jiwe hubanduka vipande vipande. Na tafadhali, jengea kwa chokaa na mchanga, si saruji kali: saruji huziba njia ya unyevu, ukabaki ndani ya jiwe na kulimomonyoa.

Kokoto zake kwenye vijia ni nzuri pia, lakini hupunguza asidi ya udongo. Mmea wa lavenda utafurahi, lakini azalea, ua linalopenda udongo wenye asidi, itageuka majani ya njano; ipande mbali.