Bibi, kazi ni yangu lakini jina ni la mjomba

SWALI: Shikamoo bibi. Nachonga mpingo kwenye karakana ya mjomba wangu hapa Mtwara mjini. Vinyago vyangu vinauzwa kwa jina lake, na wateja wakinikuta wanadhani nimeleta chakula. Mmoja aliniambia Ufaransa alikuwepo mchongaji mwanamke, Camille Claudel, yaliyomkuta kwa mwalimu wake ni kama haya yangu, mwisho akawa kichaa. Ni kweli?
Msomaji, Chikongola

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Camille nampenda sana, kwa hiyo sikubali habari zake zianzie kwenye ukichaa.

Alizaliwa mwaka 1864, Fère-en-Tardenois, na tangu utotoni hakuacha kufinyanga udongo. Chuo cha sanaa cha serikali kule Paris hakikupokea wanawake hadi 1897, akasoma Académie Colarossi, cha binafsi. Kisha akaingia karakana ya Auguste Rodin, ndiye mwalimu uliyeambiwa, aliyemzidi miaka 24. Walipendana pia. Desturi ya karakana zile ilikuwa wasaidizi wafanye kazi, sahihi atie mwenye karakana, kwa hiyo sanamu za Rodin zilipita mikono mingi, ya Camille ikiwemo.

Lakini Rodin alikuwa bingwa wa udongo. Marumaru aliwapa mafundi wamchongee. Camille alishika patasi mwenyewe. Tafuta picha ya Les Causeuses: wanawake wanne wamebanana kwenye kona, mmoja anasema jambo, watatu wamemsogezea vichwa. Utadhani ni wa barazani kwetu Mikindani! Kimo chake hakifiki nusu mita, na ipo aliyoitengeneza kwa oniksi ya kijani, jiwe gumu kulichonga. Wewe unayejua mpingo unavyomaliza makali ya tezo utaelewa ile ni kazi ya namna gani. Hiyo ni yake, mawazo na mikono.

Kuugua aliugua. Aliamini Rodin anamwibia na anataka kumwangamiza, akawa anavunja sanamu zake mwenyewe. Machi 1913, siku chache baada ya kufariki baba yake aliyekuwa akimtegemeza, familia ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye madaktari walipendekeza arudi nyumbani, mama yake akakataa, wala hakwenda kumtazama hata mara moja. Hilo linaniuma kuliko yote. Alikaa katika hospitali za namna hiyo miaka 30, hadi alipokufa 1943. Basi mtu asikutishe kwamba patasi humtia mwanamke wazimu.

Sasa mjomba wako. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, sikwambii umvunjie heshima. Mimi ni mtoto wa mfinyanzi wa Newala. Nilikua nikiambiwa udongo ni wa wanawake, mti ni wa wanaume, na walionifundisha kuchonga walikuwa wanaume hao hao. Nenda na mama yako mkakae naye jioni, kazi zikiisha. Omba kinyago ulichokichonga mwenyewe, tangu gogo hadi msasa, kiwe na alama yako chini ya kitako. Mlichochonga pamoja kiwe na majina yote mawili. Kila kimoja kipige picha kabla hakijauzwa, uandike na tarehe, maana Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda vinyago pia, na siku ya ubishi picha itakusaidia.

Akikataa, niandikie tena. Nitakuja mwenyewe nizungumze naye.