Maswali ya Ufundi: Barafu Isiyoyeyuka Juani

Swali. Mhariri, nimeangalia mashindano ya sleji kwenye televisheni. Wanateremka kwenye mfereji wa barafu unaojipindapinda mlimani, kuta za kona zimesimama wima, na jua linawaka mpaka watazamaji wamevua makoti. Barafu ile inazuiwa na nini isiyeyuke? Mtambo wake unafanya kazi kama friji zetu au ni kitu kingine?
*Fundi friji, Temeke, Dar es Salaam*

Jibu. Ni friji, ndugu fundi, na sehemu zake zote unazijua: kompresa inayobana mvuke, kondensa inayoutoa joto na kuurudisha kuwa kimiminika, vali ya kupunguza presha, na mabomba ambamo kimiminika kinachemka na kuvuta joto. Tofauti ni kwamba hapa mabomba ya kuvuta joto hayamo ndani ya kabati, yamezikwa ndani ya mfereji wenyewe. Ukiikwangua barafu, ambayo unene wake ni sentimita 2 hadi 5 tu, unakuta zege. Ndani ya zege, karibu kabisa na uso wake, yamelala mabomba ya chuma yaliyopangwa sambamba, yakiachana kwa takriban upana wa kiganja. Nyuma ya zege kuna povu la kuzuia joto lisiingie kutoka upande wa pili.

Mfereji wa kwanza duniani kugandishwa kwa mtambo ulijengwa Königssee, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1968 na 1969. Kabla ya hapo michezo hii ilitegemea hali ya hewa, kama inavyotegemea hadi leo St. Moritz nchini Uswisi, ambako kila majira ya baridi mafundi huujenga mfereji upya kwa theluji na maji, kisha joto la majira ya kuchipua likaubomoa. Ukitaka kuona ukubwa wa kazi, angalia mfereji wa Whistler nchini Kanada: una urefu wa mita 1,450, kona 16, unateremka mita 152, na mabomba yake ya amonia, ndicho kile kimiminika kinachochemka na kuvuta joto, yanazidi kilomita 100.

Amonia ikiwa wazi hewani huchemka kwenye nyuzi -33. Ukiiwekea presha ya baa 2.4 (baa ni kipimo cha presha) huchemka kwenye nyuzi -15, na kwenye baa 13.5 huchemka kwenye nyuzi 35. Hizo ni presha kamili, pamoja na ile ya hewa inayotuzunguka. Kwenye geji yako utasoma pungufu kwa baa 1. Kazi ya kompresa, basi, ni kuvuta mvuke kwa kasi inayotosha kuishikilia presha ya mabomba kwenye baa 2.4. Maadamu presha iko hapo, amonia itaendelea kuchemka kwenye nyuzi -15, na joto la kuichemsha litatoka kwenye zege na barafu kwa sababu hakuna pengine pa kutoka. Kila kilo ya amonia ikigeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli 1,300 hivi. Gesi ya R134a, uliyoizoea kwenye friji na magari, hubeba takriban 206 kwa kilo kwenye nyuzi -10. Amonia inabeba mara sita.

Sasa hapa ndipo mazoea ya friji ya nyumbani yanapoweza kukupotosha. Kwenye friji unapima gesi ili yote iishe kuchemka kabla ya kurudi kwenye kompresa. Kwenye mfereji wa barafu hilo ni kosa kubwa. Bomba likikauka mita chache kabla ya mwisho wake, mita hizo hazivuti joto sawasawa, na juu yake panatokea doa laini la barafu ambalo sleji ya kasi ya kilomita 130 kwa saa italichimba mara ya kwanza tu inapopita. Kwa hiyo amonia husukumwa kwa pampu, na husukumwa nyingi kuliko inayohitajika, mara tatu au nne ya ile itakayochemka. Kipande cha mfereji kinachohitaji kuondolewa kilowati 300 huchemsha kilo 0.23 kwa sekunde. Pampu hukipelekea karibu kilo 0.7 hadi 0.9, yaani lita 1 na ushei kila sekunde. Mchanganyiko wa mvuke na kimiminika hurudi kwenye tangi kubwa. Kimiminika hutua chini na kurudishwa na pampu, mvuke hupanda juu na kuvutwa na kompresa. Tangi hilo ndilo linaloilinda kompresa isimeze kimiminika, kwani kimiminika hakibanwi na kingevunja vali zake.

Kisha kuna mteremko. Nguzo ya amonia yenye kimo cha mita 150 hukandamiza chini yake kwa karibu baa 10. Jumlisha na baa 2.4 uliyoanza nayo, na kule chini amonia hiyo isingechemka mpaka ifike nyuzi 30 hivi, yaani isingegandisha chochote. Ndiyo maana mfereji hukatwa vipande vingi, kila kimoja na vali zake za kupunguza presha na kupima kiasi kinachoingia, pamoja na vihisi joto vilivyofukiwa ndani ya zege. Kona inayopigwa na jua la mchana hufunguliwa zaidi. Ile iliyo kivulini hubanwa.

Barafu yenyewe haimwagwi. Kwanza zege hupozwa hadi nyuzi -8 au -10, halafu watu hushika mpira wenye kinywa cha matundu madogo na kunyunyiza ukungu wa maji, tabaka jembamba lisilofika milimita 1, wakisubiri ligande kabla ya jingine. Ukiwa na haraka ukamwaga maji mengi, yatateleza ukutani kabla ya kuganda, yatafungia hewa ndani, na utapata barafu nyeupe yenye magamba inayobanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Baada ya hapo, kila siku wapo watu kwenye kona wenye makwangulio ya makali marefu, wakichonga kwa mkono mpaka umbo likae sawa. Mashimo madogo huzibwa kwa theluji iliyoloweshwa maji, ikakandwa na kusawazishwa kama lipu.

Na unene usikudanganye. Wengi hudhani barafu nene ni salama zaidi. Joto la wati 250 kwa kila mita ya mraba likipita kwenye barafu, kila sentimita ya unene hula zaidi ya nyuzi 1. Barafu ya sentimita 5 itakuwa na uso wenye joto kuliko sehemu yake ya chini kwa karibu nyuzi 6. Utalazimika kushusha joto la amonia zaidi ili kuufikia uso huo, na umeme utapanda.

Kuhusu jua uliloliona: kwenye anga safi mchana linaweza kumwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba iliyolielekea. Barafu nyeupe hurudisha sehemu kubwa, lakini inayobaki inatosha kuulemea mtambo wowote. Mfereji wa Yanqing nje ya Beijing, uliotumika kwenye Olimpiki ya 2022, umejengwa kwenye mteremko unaoelekea kusini, upande mbaya kabisa kwa barafu ya nchi za kaskazini. Wajenzi wake waliuwekea paa refu na mapazia ya kuzuia jua yanayoufuata mfereji. Tunalisema hili kwa uzito: kivuli kwanza, ukubwa wa kompresa baadaye. Joto lililozuiwa halihitaji kuondolewa.

Swali. Kipande kimoja kikilainika wakati vingine viko imara, fundi aanze kutafuta wapi? Na ikiwa mfereji mzima umelainika?
*Mwanafunzi wa ufundi majokofu, Morogoro*

Jibu. Kipande kimoja: anza na chujio lililo kabla ya vali yake. Kutu na mabaki ya kuchomelea hukusanyika pale. Likiwa safi, angalia mafuta. Mafuta ya kawaida ya kompresa hayachanganyiki na amonia, nayo ni mazito kuliko amonia, kwa hiyo hutua kwenye sehemu za chini na kupaka utando ndani ya mabomba, na utando huo huzuia joto. Yanapaswa kutolewa kwa ratiba kupitia vali inayojifunga yenyewe ukiiachia mkono, wala usiiache wazi ukaenda kufanya kingine.

Likiwa doa dogo linalotokea mahali palepale kila msimu, kosa lina umri wa mfereji. Zege la mifereji hii hurushwa kwa hewa kali juu ya wavu wa nondo na mabomba, na mrushaji asipogeuza pembe, nyuma ya bomba hubaki pengo tupu. Pengo la hewa ni blanketi. Huwezi kulirekebisha bila kubomoa, na ndiyo sababu mafundi makini huyajaribu mabomba yote kwa presha na kuukagua kila mchomeleo kabla ya zege kurushwa.

Mfereji mzima ukilainika, nenda kwenye kondensa. Pima joto la kimiminika kinachotoka, kisha soma presha. Kikitoka kwenye nyuzi 30, presha kamili inatakiwa iwe karibu baa 11.7. Ukisoma 13.5, zile baa 1.8 za ziada ni hewa iliyoingia wakati wa matengenezo, nayo inamtwisha kompresa mzigo bure. Hewa hutolewa juu ya kondensa kupitia mpira uliochovywa kwenye maji. Mapovu yanayopanda mpaka juu na kupasuka ni hewa. Yanayotoweka ndani ya maji yakilia kama mafuta kwenye kikaango ni amonia, na hapo unafunga. Presha ikiwa inalingana na joto lakini vyote viko juu, hakuna hewa. Kuna magadi ya maji kwenye mabomba ya kondensa, au feni imesimama.

Swali. Naweza kuunganisha geji kwa bomba la shaba kwenye mtambo wa amonia?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu. Hapana. Amonia yenye unyevu kidogo hula shaba na shaba nyeupe. Tumia chuma kuanzia bomba hadi kiungo cha geji. Na usiwahi kumwagia maji amonia iliyo kimiminika sakafuni: maji ni ya moto kwake, yataichemsha ghafla na wingu litakuwa kubwa zaidi. Maji ni ya kuukata mvuke ulio hewani. Tundu dogo linaua. Oktoba 2017, kwenye uwanja wa barafu wa mji wa Fernie nchini Kanada, amonia ilivuja kwenye bomba la mtambo wa kupoza maji ya chumvi, na watu watatu wakafariki. Ukisikia harufu, toka ukielekea upande upepo unakotoka, ndipo uulize.

Swali. Nairobi wana uwanja wa barafu pale hoteli ya Panari tangu 2005. Mombasa tunashindwa nini? Ni joto?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Jibu. Joto ni sehemu ndogo. Adui yenu mkubwa ni unyevu. Hewa ya Mombasa kwenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya Nairobi kwenye nyuzi 20 na asilimia 65 hubeba gramu 11. Ikigusa barafu, maji hayo huganda moja kwa moja kuwa sakitu, na kila kilo ya sakitu huiachia barafu kilojuli 2,834. Kilo moja ya maji yaliyokwisha kupoa hadi nyuzi 0 huhitaji kuondolewa kilojuli 334 tu ili igande. Kwa hiyo lita 1 ya unyevu inayotua kwenye barafu yenu inaleta mzigo wa kugandisha lita 8 na nusu za maji. Juu ya hapo, uwanja hujaa ukungu na matone hudondoka kutoka darini yakiacha vinundu kwenye barafu.

Nairobi nayo ina kodi yake: ipo juu ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na kondensa ya feni hutoa joto kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kibao chake. Hiyo hutatuliwa kwa kondensa kubwa zaidi.

Mombasa inawezekana, kwa mpangilio huu. Jengo lizibwe kama kasha, na mlango uwe wa vyumba viwili ili hewa ya nje isiingie moja kwa moja. Pawe na mashine ya kukausha hewa inayotembea saa 24, hata usiku ambapo hakuna mchezaji. Halafu dari. Dari ya kawaida yenye joto la nyuzi 28 hupelekea barafu ya nyuzi -5 karibu wati 150 kwa kila mita ya mraba kwa mng'ao peke yake, bila kupitia hewa. Kwenye uwanja wa kimataifa wa mita 60 kwa 30, hiyo ni karibu kilowati 270, sawa na kompresa nzima. Tandika chini ya dari karatasi ya alumini inayong'aa, uso wake ukitazama barafu, na mzigo huo unashuka hadi chini ya kilowati 20. Ila dari iwe kavu kwanza: alumini iliyolowa umande haing'ai tena, na unarudi kwenye kilowati 270.