Hiyo ofa ya kuponi iache hapo hapo ilipo

Usinunue hizo kuponi, mkuu. Nimeanza na jibu kabisa kwa sababu umesema ofa inaisha leo usiku, na hicho kidole kilichopo juu ya simu yako muda huu nakijua vizuri, kiliwahi kuwa changu.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada anataka kwenda tamasha la vyakula vya asili Jumamosi hapa Dar, yeye, mke, watoto wawili na mama yake aliyekuja kutoka Tabora. Anauliza apaki wapi, afike saa ngapi, watoto wanaingia bure au wanalipa, na kama ile ofa ina faida: ukilipia mapema kwa simu laki na themanini, unapewa kuponi za laki mbili. Nimehesabu majibu sita hapo juu, yote yanamwambia achukue, eti elfu ishirini ya bure. Nyie mna ugomvi naye au?

Hiyo elfu ishirini ya bure mimi niliichukua. Ilikuwa Novemba mwaka juzi, uwanja mmoja wa wazi upande wa Kawe. Waandaaji siwataji, wao wana wanasheria na mimi nina ada za shule.

Tulikuwa watano vile vile, ila mzee wetu alikuwa mama mkwe. Kashuka kutoka Rombo kuja kuona wajukuu, na mimi nikajifanya mkwe wa mjini. Bango lilisema "Ladha za mikoa yote 31". Novemba ndiyo msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, kule Bukoba, kwa hiyo nikamwahidi mama, tena mbele ya mke wangu, kwamba leo utakula senene wa Kagera wa moto moto. Akajibu, "Haya baba, tutaona." Ningekuwa na masikio ningesikia hapo hapo.

Aliyeniingiza ni jamaa wa ofisini, kitengo cha mauzo, na hadi leo akinisalimia namwitikia nusu. "Kaka, ukienda na taslimu utapanga foleni mbili, ya kuponi na ya chakula. Nunua mapema upange moja." Ukiisikia hivyo ina akili kabisa. Hakuniambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga, aliona kwa yule dada wa mtandaoni anayeng'ata mshikaki halafu anafumba macho kama amepokea wito wa utawa. Nikaja kujua video ile ilipigwa siku moja kabla, kwenye hema la waalikwa, sahani ya bure. Dada, kama unapita humu, mshikaki ule niliutafuta mpaka saa kumi na mbili jioni.

Tuje kwenye kupaki, umeuliza. Kuna kijana mwenye kizibao cha kung'aa atakuonyesha nafasi kwa heshima zote na kukudai elfu tatu. Si wa tamasha. Wa tamasha atakuja baadaye akukute umefunga gari, akudai nyingine.

Basi tukafika saa sita mchana. Foleni moja ya yule jamaa haikuwa moja, kwa sababu ukilipia kwa simu unachopata ni ujumbe tu, na ujumbe haununui ndizi. Lazima upange wakubadilishie ujumbe kuwa karatasi. Dirisha moja, binti mmoja, kishikwambi kimoja, na kishikwambi kinasema mtandao hakuna. Saa moja na dakika ishirini juani, mwanangu mdogo kakaa juu ya kiatu changu. Dirisha la pili, la taslimu, watu walikuwa wanapita kama wanaonunua vocha. Nikapewa karatasi 40 za elfu tano tano, za kijani, wino wake ukishika kwa jasho unabaki kidoleni. Pale chini, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa: HAZIRUDISHWI. KWA LEO TU.

Hapa ndipo nataka utulie mkuu, mengine yote yapite. Mama ntilie wa mtaani kwako anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu asipopika hali. Hela yako iko mfukoni mwako, na sufuria lake linabembeleza hela hiyo. Wewe ukishalipa kuponi tangu Jumanne umeligeuza jambo lote: hela yako keshalala nayo mtu, na sasa anayebembeleza ni wewe. Chakula kikitoka sawa, kisipotoka sawa, yeye hesabu zake zimefungwa. Ndiyo maana ofa ipo. Nani anakupa elfu ishirini bure katika mji huu? Hata baba yako alikuwa anauliza ya nini.

Tukaanza kuzunguka. Mikoa 31 nilihesabu mahema 14. Sita kati ya hayo ni chipsi kuku. Hema lililoandikwa KAGERA kwa herufi kubwa, na picha ya senene mmoja mkubwa kama mbuzi, lilikuwa linauza soseji. Nikamuuliza kijana, senene wako wapi? Akasema, "Walikuwa waje na basi." Shinyanga hakuna matobolwa wala michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kuna juisi za boksi. Singida nilitegemea walau mlenda, nikakuta popo wa plastiki wa kuchezea watoto, sijaelewa hadi leo. Mama mkwe akawa anasoma mabango moja moja kwa sauti, taratibu, kama anasoma matangazo ya vifo redioni.

Urojo tukaupata. Bakuli elfu sita, nikatoa kuponi mbili, chenji hakuna, "chenji ya kuponi haturudishi kaka". Kwa hiyo bakuli la elfu kumi. Mtu akikwambia urojo ni supu ya njano tu, mpeleke Unguja akanywe wenye embe mbichi na ndimu, bajia inayolegea taratibu, kachori ina viungo ndani. Huu ulikuwa uji wa unga wa ngano uliopitiwa na manjano. Kipande cha kiazi kimoja. Mwanangu mkubwa akauliza kama ni dawa.

Jumla yetu ya siku: soda tano, elfu kumi. Sahani mbili za chipsi kuku tukagawana watano, elfu thelathini. Na huo urojo. Karatasi kumi zimekwenda, thelathini mkononi.

Kwenye biriani tulipanga karibu saa nzima. Masufuria mawili! Shangazi yangu amepika shughuli za mtaani miaka yote bila kushika kalamu, na atakwambia kilo moja ya mchele ni watu saba, nane ukibana kijiko. Pale getini waliingia watu wa kujaza harusi kadhaa, halafu masufuria mawili. Mbele yetu wamebaki watu kama kumi, tukasikia ile sauti ya mwiko unakwangua chini. Ukishaisikia hiyo sauti huhitaji kutangaziwa. Na wakati huo huo mshereheshaji yuko jukwaani anapiga kelele, "Dar es Salaam, chakula kipooo!" Kipo wapi bwana? Kipo wapi?

Hema la jirani kulikuwa na pilau ya kuku imekaa kwenye hotipoti kubwa iliyofunguliwa mfuniko tangu tumefika. Mke wangu ni muuguzi, akaweka mkono juu ya mvuke ambao haukuwepo, akanivuta shati. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama kinasubiri walaji basi kikae cha moto juu ya nyuzi 60. Ile ilikuwa ya uvuguvugu kama maji ya kuoga mtoto. Wali usikuchekeshe, unaharibu tumbo vizuri tu.

Saa tisa mvua ya vuli ikashuka dakika kumi, ya kutosha kuzima majiko ya watu wa nyama choma na kugeuza uwanja kuwa jaruba. Ikaacha. Na mwisho kabisa wa uwanja, karibu na vyoo (vyoo siviongelei), nikaona moshi. Mama mmoja ana jiko la mkaa chini ya mwavuli, sufuria la ndizi nyama linachemka, nyama yenye mfupa, harufu ile yenyewe. Nikakimbia kwenye matope kama nimeitiwa mgao wa urithi. Nikafika, nikaweka kuponi sita mezani, nikasema mama, sahani tano.

Akaziangalia, hakuzigusa. "Kaka, hizo karatasi hatupokei tena. Taslimu, au namba ya lipa ile pale."

Nikamwambia mama, si ni kuponi za humu humu? Akanieleza huku anakoroga, wala hakuwa na ubaya. Kwenye kila kuponi robo inabaki kwa waandaaji, na pesa yenyewe wanalipwa baada ya wiki. Mchana yule anayekusanya kuponi alikuwa hapokei simu, wakaambizana hema kwa hema. "Mimi nyama nimekopa buchani, ananidai leo. Karatasi yako nitampa nani?" Ungemjibu nini? Alikuwa na haki kuliko mimi.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipokamilika, maana kwa ile akili ya "nikibaki na hela nitazitumia ovyo", nilikuwa nimebadilisha kila kitu. Mfukoni nina noti ya elfu mbili. Kwenye simu nina shilingi 3,400. Na kuponi 30 za kijani. Vipande thelathini, kama vya Yuda, ila vya Yuda walau vilinunua shamba la mfinyanzi. Mke wangu alikuwa kaacha pochi nyumbani kwa sababu mume wake alisema kila kitu kimeshalipiwa. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Wote wakanyamaza. Halafu mama mkwe akageuka pembeni kidogo, akashika pindo la kanga yake, akaanza kufungua fundo kwa meno. Fundo lilikuwa limelowa mvua, likachukua muda, na mimi nimesimama pale na digrii yangu. Akatoa noti imekunjwa mara nne, ya elfu kumi, akainyoosha kwa kiganja juu ya paja. Nadhani ilikuwa nauli yake. Ikatosha sahani mbili za watoto. Sisi wakubwa tukatoka nje ya geti, kwenye mihogo ya kukaanga ya mzee mmoja wa baiskeli, ile elfu mbili yangu ikafanya kazi, na mama akasema, "Kula baba, usione aibu."

Naijua sentensi hiyo kwa kuisikia kila Krismasi. Rombo nzima wanayo. Shemeji zangu wakinipigia simu wananiuliza kama Dar bado tunakula karatasi.

Kwa hiyo shika hili moja tu: hela isigeuke kuponi mpaka umeliona sufuria lenyewe linafuka moshi, na umemuuliza mwenye sufuria kama kuponi anapokea. Wakikwambia humo ndani ni kuponi tu hakuna taslimu, nunua moja, ya sahani moja, kaile, rudi ununue ya pili. Utapanga foleni mara tano, panga. Foleni ina mwisho. Angalia Forodhani kule Unguja, kila jioni watu wanakula pweza na mishkaki na juisi ya miwa, na hakuna anayekubadilishia hela yako kuwa kitu kingine. Unasimama mbele ya meza, unaona, unauliza bei (uliza kabla hujang'ata, tafadhali), unalipa. Coco Beach vile vile, muhogo unauona ukitoka kwenye mafuta.

Na asije mtu humu kuniambia ningekwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji, naijua, nilishaisoma usiku ule ule na hasira zangu. Ila nilipopiga hesabu ya siku za kuomba ruhusa kazini kwa ajili ya laki na hamsini, mke wangu akaniambia nilale.

Zile thelathini ninazo bado. Watoto wanachezea duka, na yule mdogo ndiye muuzaji. Juzi nilimpelekea moja nikaomba biskuti, akanikazia macho akasema hizi hatupokei.

Kuhusu muda wa kufika nitarudi kuandika, sasa hivi nataka kujua jambo moja tu: huo muamala umeshaweka namba ya siri au bado? Kama bado, toka kwenye hiyo menyu. Jibu hapa nione.