Maswali na majibu: Waafrika gani hao wanaoamini?

Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu yenye kichwa "Imani ya Waafrika kuhusu Mungu". Naomba mwongozo.

Marahaba. Badilisha kichwa kwanza. Barua za namna hii zinaletwa kila muhula, na kila mara "Waafrika" hao hawana kijiji wala mwaka. Taja watu, mahali na kipindi. "Matambiko ya mvua kwa Warangi katika Mungomi wa Kolo, Kondoa" ni mada. Unaweza kwenda, ukaona kinachofanyika, ukauliza nani anaruhusiwa kuingia na nani haruhusiwi. Hicho chako hakina pa kuanzia.

Je, asiye na dini anaweza kufundisha masomo ya dini?

Anaweza, na mwenye dini pia anaweza. Kinachopimwa ni ushahidi.

Tumefundishwa kwamba kwa mujibu wa John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, Mwafrika hana wakati ujao. Ni kweli?

Someni kitabu chenyewe, *African Religions and Philosophy* cha 1969, badala ya kunukuu daftari la mwenzenu. Mbiti aliugawa wakati katika Sasa na Zamani, akasema ujao haufiki mbali: miezi sita hivi, na kwa vyovyote hauzidi miaka miwili. Ushahidi wake ni nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu.

Hapo pana mianya miwili. Wa kwanza: lugha mbili za Kenya haziwezi kubeba bara zima. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa ushahidi wa Kiakan, lugha ya kwao. Wa pili: kinachosemwa na kitenzi si mpaka wa kinachofikirika. Anayepanda mnazi mrefu pwani anajua atangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu, na anaupanda.

Lakini msimtupe Mbiti. Hoja yake kuhusu wafu walio hai, yaani marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina hadi kama vizazi vitano, inapimika. Hesabuni majina yanayotajwa kwenye tambiko, kisha ulizeni ni nani wa mwisho anayekumbukwa, na na nani.

Kwa nini Waazande hawakuona kwamba ramli yao inakosea?

Waliona. Mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard alieleza hayo mwaka 1937 katika kitabu chake kuhusu Waazande, watu wa Afrika ya Kati, na wanafunzi huishia kwenye mfano wa kihenge kilichoangukia watu. Waazande walijua mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini kimeanguka saa ileile watu hao walipokuwa wamekaa chini yake. Baada ya hapo ndipo penye utamu. Kuku analishwa sumu ya benge, na swali linasemwa: kama ni fulani aliyeroga, kuku afe. Kuku wa pili analishwa na swali linageuzwa: kama ni fulani, kuku apone. Jibu linahesabika tu mmoja akifa na mwingine akipona. Wakifa wote au wakipona wote, jibu ni batili, na sababu zipo tayari: sumu imechakaa, mwiko umevunjwa, uchawi umeingilia. Kila sababu inatoka ndani ya imani ileile, kwa hiyo kosa la ramli moja haliiangushi ramli. Kabla hujawacheka, chunguza nadharia unayoipenda wewe: matokeo yakiipinga, unaitupa nadharia au unakilaumu kifaa?

Majini yapo au hayapo? Tunataka jibu la kitaalamu.

Masomo ya dini yatakueleza nani anasema yapo, kwa hoja gani, na anafanya nini kwa sababu hiyo. Kama yapo kweli ni swali la metafizikia, yaani falsafa ya kilichopo, nalo hujibiwa kwa hoja, si kwa kuhesabu mashahidi. Usichanganye kazi hizo mbili katika sura moja. Ukiandika "ushirikina" kwenye maelezo ya shamba la utafiti, umeshahukumu kabla ya kueleza.

Wazee ninaowahoji wananipa majibu yanayopingana kuhusu Muumba. Nifanyeje?

Huenda swali lako ndilo bovu. Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, alisimulia jinsi mapadri Waitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi, wa kaskazini mwa Uganda, ni nani aliyewaumba. Swali likawafikia kama "nani aliyewafinyanga?" Wakajibu hawajui. Mapadri wakang'ang'ania, hadi mzee mmoja akamtaja Rubanga, pepo anayepinda watu mgongo kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Jina hilo likahubiriwa kuwa la Mungu Baba. Mzee akibanwa atakupa jibu ili umwache.

Uliza matendo kwanza. Mtoto akiugua, anaitwa nani? Kinatolewa nini, wapi, saa ngapi? Nani anasema maneno, na anayasema vipi? Andika maneno hayo katika lugha yao kabla ya kuyatafsiri, na majibu yanayopingana yaandike yote, pamoja na umri, ukoo na dini ya aliyeyatoa. Mara nyingi tofauti inajieleza hapo. Na usiende bila kibali: Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, tume za serikali zinazotoa vibali vya utafiti, kisha ofisi ya kijiji, kisha wenye tambiko wenyewe. Wakikataa kurekodiwa, zima kinasa sauti.