Pakiti ilikuwa chini ya kiti chake. Je, ni yake?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume alipewa lifti na rafiki yake. Polisi walisimamisha gari, wakapekua, wakakuta pakiti ya unga chini ya kiti alichokalia. Wote wawili wameshtakiwa kwa kupatikana na dawa za kulevya. Yeye anasema hakujua lolote. Hilo linatosha? Na wakili mzuri tutampataje?

JIBU: Pole sana, dada. Hoja ya mdogo wako ina uzito, ila haitasimama bila ushahidi wa kuishikilia.

Katika nchi nyingi upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kilichokamatwa ni dawa iliyopigwa marufuku, kwamba mshtakiwa alikuwa na mamlaka juu yake, na kwamba alijua ipo. Kukalia kiti peke yake hakuonyeshi mamlaka wala kwamba alijua. Hata hivyo, ziko nchi ambako sheria humdhania aliyekutwa na kitu kuwa anakijua, na kazi ya kuonyesha vinginevyo humwangukia yeye. Basi mwulizeni wakili mapema: mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani?

Mahakama hutazama mambo madogo madogo. Gari ni la nani? Pakiti ilionekana waziwazi au ilifichwa? Dereva angeweza kuifikia? Kuna alama za vidole, au ujumbe kwenye simu? Mdogo wako alisema nini palepale barabarani? Aandike yote kwa ajili ya wakili wake tu, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: saa, mahali, nani alikaa wapi, askari yupi alipekua, nani alishuhudia, karatasi gani alisaini. Asiyasimulie mtandaoni, wala kwa simu akiwa mahabusu, maana simu hizo huweza kusikilizwa. Na asifute chochote kwenye simu yake. Kuharibu ushahidi ni kosa jingine.

Sasa huo unga. Kipimo cha haraka cha kubadili rangi hakitoshi, kwa sababu vitu vya kawaida visivyo na hatia navyo huweza kubadilisha rangi. Dai ripoti ya mkemia, na uisome pamoja na kumbukumbu za kielelezo (kitu kinachotolewa mahakamani kama ushahidi, hapa ni ile pakiti) tangu kilipokamatwa: nani alikifunga kwa lakiri, kilihifadhiwa wapi, nani alikipeleka maabara, nani alikirudisha. Kesi nyingi hulegea hapa. Namba ya lakiri haifanani, au kuna siku mbili ambazo hakuna aliyesaini kukipokea. Linganisha pia uzito wa kituoni na wa maabara, na uulize kama ulipimwa pamoja na mfuko. (Tofauti ya uzito pekee si ushindi, majani mabichi ya bangi hukauka na kupungua.) Uzito ni jambo zito kwa sababu mara nyingi ndio hutenganisha matumizi binafsi na biashara, na mizani, vipakiti vingi au fedha taslimu vikikutwa huongeza shaka ya biashara.

Kuhusu wakili, kwanza kabisa: mdogo wako na rafiki yake wasitumie wakili mmoja. Utetezi wa mmoja huenda ukawa "ni ya mwenzangu", na wakili hawezi kuwatetea wote wawili kwa hoja hiyo.

Hakikisheni kwenye chama cha mawakili kwamba leseni yake ni hai. Kisha mwulizeni: kesi ngapi za dawa za kulevya ameziendesha hadi hukumu? Atafika mahakamani mwenyewe, au atatuma msaidizi? Ada inaishia wapi: dhamana, usikilizwaji, rufaa? Makubaliano yawe ya maandishi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Anayeahidi ushindi mwacheni. Anayetaka fedha "za kumwona hakimu" mkimbieni, kwani atawaingiza kwenye kosa la rushwa.

Mkikosa fedha, mdogo wako aombe wakili wa msaada siku ya kwanza anaposimama mbele ya hakimu, na ombi liandikwe kwenye kumbukumbu. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inataka asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapohitaji.

SWALI: Mwanangu anatumia kweli, na kilichokutwa ni chake. Anaambiwa akikiri haraka atapunguziwa. Akubali?

JIBU: Asikiri kabla wakili hajaiona ripoti ya mkemia na hati ya mashtaka. Ni kweli kwamba kukiri mapema hupunguza adhabu katika mahakama nyingi, lakini ni vigumu kufuta kukiri huko baadaye, na rekodi ya hatia humfuata mtu kwenye ajira na maombi ya viza. Pia huenda amekutwa na kiasi kidogo lakini hati inasema biashara. Akikiri hati hiyo, amekiri kosa kubwa kuliko alilotenda.

Mwambie wakili waziwazi kwamba anatumia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya unaziruhusu nchi kutoa matibabu badala ya adhabu kwa aliyekutwa na dawa za matumizi yake mwenyewe. Kama sheria ya kwenu ina njia hiyo, barua ya daktari na nafasi iliyothibitishwa kwenye kituo cha tiba zipatikane kabla ya siku ya kujibu shtaka.